Siku Moja Ujiji

Walimu tarajali wengi nchini Burundi hukifikiria Kiswahili kuwa lugha iliyotoka mbali: Unguja, Mombasa, au ndani ya kitabu cha sarufi. Ni kweli kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Hata hivyo, njia iliyokileta Kiswahili kwetu inapita karibu sana na mlango wetu, na kituo chake kikubwa kinaweza kutembelewa kwa siku moja. Kituo hicho ni Ujiji, mji mdogo ulio kusini mwa Kigoma, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Nilikwenda huko peke yangu wakati wa likizo.

Nilikuwa nimevuka mpaka kati ya Mugina na Manyovu siku iliyotangulia, nikalala Kigoma. Asubuhi nilipanda daladala iliyojaa wanafunzi, ndoo za mawese na mama mmoja aliyekuwa amempakata jogoo. Niliposhuka Ujiji, nilimwuliza kijana wa bodaboda lilipo jumba la kumbukumbu la Livingstone. Akanionyesha kwa mkono: “Nyoosha tu, mama. Utaona miembe. Humo ndani kuna sanamu.”

Katika uwanja wa jumba hilo umesimama mnara wa ukumbusho, na kando yake miembe ambayo husemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa zamani, ule ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndani mna sanamu za watu hao wawili wakisalimiana kwa kuvua kofia. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikiwatafuta watu wasiokuwepo. Stanley hakufika Ujiji peke yake. Alitoka Bagamoyo na msafara wa wapagazi na askari waliotembea zaidi ya kilomita 1,000, na lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali katika misafara ya aina hiyo ilikuwa Kiswahili. Wageni wawili wakasalimiana kwa Kiingereza. Waliobeba mizigo yao walikuwa wakikieneza Kiswahili barani, kijiji kwa kijiji.

Kutoka hapo niliteremka kwa miguu hadi ufukoni. Dagaa walikuwa wametandazwa juani, na wanawake walikuwa wakiwageuza kwa mikono. Mmoja wao aliniita:

“Karibu, dada yangu. Hawa wamekauka vizuri. Wale bado wana maji.”

“Na hao wakubwa?”

“Hao ni migebuka, wa leo alfajiri.”

Nilimwambia kwamba kwetu samaki huyo anaitwa mukeke, na dagaa tunawaita ndagala. Akacheka: “Ziwa moja, samaki mmoja, majina mawili!” Kisha akanipunguzia bei. Naomba msomaji aitazame tena sentensi yake ya kwanza. Dagaa hao walikuwa wamekufa na kukauka, lakini mama huyo aliwapatanisha kwa *hawa* na *wale*, kama sarufi inavyotaka kwa viumbe hai. Mgebuka naye ana umbo la ngeli ya *M-/MI-*, lakini hufuata upatanisho wa *A-/WA-*, sawa na mtume na mitume. Kanuni ambayo wanafunzi wangu huikariri kwa jasho, mama huyo aliitumia huku akipima samaki kwa kopo.

Adhuhuri ilipopita nilikaribishwa barazani na mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza nilikotoka.

“Burundi, mzee. Ninafundisha Kiswahili.”

“Kwenu mwakijifunza shuleni?”

“Wengine huzaliwa nacho. Mimi nilikipata shuleni.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Babu yangu alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Hakuja kwa hiari yake. Lugha aliyokuja nayo, hapa nyumbani hakuna mjukuu anayeijua. Tuna hiki Kiswahili tu, mwanangu, na sasa ni chetu.”

Sikuwa na jibu. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walipitishwa Ujiji kuelekea Tabora na pwani. Lugha tunayoifundisha ilipita katika njia ileile. Walimu wengi husimulia kuenea kwa Kiswahili kana kwamba ni habari ya biashara tupu. Mzee yule alinikumbusha kwamba kuna waliokipata Kiswahili kwa kupoteza lugha nyingine.

Aliponielekeza njia ya kurudi stendi, nilisikia jambo lingine. Kijana wa asubuhi alisema *humo ndani kuna sanamu*. Mzee alisema: “Pale kona pana duka, kule mbele kuna daladala, humo uchochoroni msipite, mna matope.” *Pana*, *kuna*, *mna*: mahali mahususi, mahali pa jumla, mahali pa ndani. Vijana wengi siku hizi hutumia *kuna* kwa yote matatu, nasi hatuna budi kuwafundisha wanafunzi tofauti hiyo. Kwa mwanafunzi wa Burundi kazi hiyo si ngumu, kwa sababu Kirundi kina *ha-*, *ku-* na *mu-*. Palipo na *p* katika Kiswahili, mara nyingi Kirundi kina *h*: kupa ni *guha*, kulipa ni *kuriha*, kupita ni *guhita*. Basi *pa-* si mgeni. Ni *ha-* aliyevaa nguo nyingine.

Tangu safari hiyo nimebadilisha mpangilio wa somo langu la ngeli za mahali. Huanza na Kirundi, kisha Kiswahili wanachokisikia wanafunzi sokoni na mtaani, na mwisho Kiswahili sanifu. Darasani mwetu huwamo watoto wa Buyenzi, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, na watoto wa milimani ambao hukisikia kwa mara ya kwanza shuleni. Wote watakihitaji Kiswahili sanifu katika mitihani na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007. Kwa hiyo mwalimu asilegeze kufundisha kanuni. Lakini mtoto anaposema jambo lisilomo kitabuni, mwalimu amwulize kwanza amelisikia kwa nani na lina maana gani. Huenda ni kosa la kusahihishwa. Huenda pia ni neno lililofika kwao kwa mtumbwi, kabla kitabu chetu hakijaandikwa.