Gigabaiti 120 zisizo na mwenyewe

Laptop yangu niliinunua Kariakoo mwaka 2018, ikiwa imeshatumika. Kijana aliyeniuzia aliniwekea Windows, kwa sababu ndiyo tunayotumia ofisini, na Ubuntu, kwa sababu nilimwomba mwenyewe, nimechoshwa na virusi vya kwenye flashi za watu. Diski ilikuwa ya gigabaiti 500, ambazo ukiifungua kompyuta inakuambia 465. Windows akaipa 200, Ubuntu 145, zilizobaki akaziacha. “Utazitumia baadaye, dada,” akasema. Nikapanda nayo treni hadi Mpanda, nikasahau.

Miaka ikapita. Upande wa Windows ukajaa picha za mikutano ya vijiji, mpaka ule mstari wa nafasi ukawa mwekundu na kompyuta ikaanza kutembea kama punda wa mizigo. Usiku mmoja nikafungua ramani ya diski. Windows mwanzoni, Ubuntu katikati, na mwisho kabisa kipande cheusi cha gigabaiti 120 kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba hakijagawiwa.

Nikacheka peke yangu. Mimi ndiye ninayeandika habari za ardhi hapa Katavi, za wakulima, wafugaji na mipaka ya hifadhi. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Ile ya kwanza, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ile ya pili haina maneno hayo. Maneno machache tu, lakini wanasheria wamebishana juu yake miaka yote hii, maana ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji na ya jumla iko chini ya Kamishna. Na nani anayesema shamba halitumiki? Nimekaa kwenye mikutano ambapo mgeni anaonyesha pori kwa kidole, na mzee anamjibu kwamba pale wanapumzisha udongo.

Basi kesho yake nikampelekea laptop fundi mmoja, kijana mwenye stesheneri mjini. Nikamwambia achukue kile kipande cheusi akiongeze kwenye Windows, kazi ya dakika tano.

“Haviko jirani, dada,” akasema. Akanionyesha. Windows inaweza kupanuka tu kuelekea kipande kinachoigusa, na kinachoigusa ni Ubuntu. Ili nipate ninachotaka, lazima Ubuntu nzima ihamishwe, isogezwe mpaka mwisho wa diski, kipande kwa kipande, kwa saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, vitu vinabaki nusu huku nusu kule, na huenda kompyuta isiwake tena. Betri yangu inakaa dakika 20. Mkoa wetu umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, hakuna mtu wa Mpanda anayehitaji kuelezwa habari ya umeme kukatika.

“Huko Ubuntu kuna nini? Una nakala?”

Sikuwa na nakala. Huko kulikuwa na bibi yangu.

Nilimrekodi mwaka 2019, karibu saa 14, miaka miwili kabla hajafariki. Alikuwa mtoto wakati reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na alikuwa akiigiza sauti ya lile treni la kwanza kwa namna ambayo wajukuu wote tulikuwa tukiiomba. Faili zake ni nzito, jumla kama gigabaiti 9. Flashi niliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya gigabaiti 8. Mwezi ulikuwa tarehe 24, mnajua mfuko wa mwandishi tarehe hizo.

Usiku ule nikakaa kuchagua saa gani niiache. Nikaipata upesi. Faili moja ya saa nzima na zaidi, haina mazungumzo. Nilikuwa nimesahau kuzima rekoda. Bibi anamenya karanga, ganda linavunjika, kuku, mlango, ganda tena. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Sijui kwa nini niliendelea kusikiliza. Kwenye dakika ya 41 akaanza kuimba polepole kwa Kikonongo, lugha ambayo mbele yangu hakuwahi kuiimba, na alipomaliza akaita jina la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa mdogo na ambaye nyumbani kwetu hatajwi.

Asubuhi nikamwambia fundi hakuna kuhamisha kitu. Akafanya jambo rahisi zaidi. Kile kipande cheusi akakifanya sehemu ya tatu, inayosomeka na Windows na Ubuntu pia. Ikagoma kwanza upande wa Ubuntu, kwa sababu Windows ukiizima haizimiki kweli, inalala tu, kama mgeni aliyeshaaga lakini bado amesimama mlangoni. Akaondoa ule mpango wa kuwaka haraka, ikakubali. Tukanakili zote 14. “Ila hii siyo nakala ya usalama,” akanionya. “Diski ni ileile. Ikifa, zinakufa zote.” Mshahara ulipotoka nikanunua diski ya nje.

Ile sehemu mpya iliomba jina, nikaandika Karanga. Windows inasema zimebaki gigabaiti 111 wazi. Mwenzangu wa ofisini ameziona, ameniuliza kama anaweza kuweka video za harusi ya dada yake, maana naona huzitumii. Bado sijamjibu.