Mfumo Unasema Oda Ni Mbili

Katika ofisi zetu kuna sentensi ambayo siku hizi imechukua nafasi ya "njoo kesho". Sentensi hiyo ni "mfumo unasema". Mfumo unasema jina lako halipo. Mfumo unasema hujalipa ada. Nimeisikia nikiwa mwananchi kwenye foleni, na ninakiri kwamba nimewahi kuitamka mimi mwenyewe mbele ya mwanafunzi aliyeshika stakabadhi ya benki mkononi. Mwezi Januari niliisikia tena, ikielekezwa kwa dada yangu, na safari hii aliyeandika sehemu ya mfumo huo nilikuwa mimi.

Dada yangu ana duka la vifaa vya shule mjini Morogoro. Kwa miaka mingi ameagiza mali kwa simu na kuweka kumbukumbu katika kaunta buku. Mwaka jana msambazaji wake wa jumla, aliyeko Dar es Salaam, aliwafungulia wateja wake API, yaani dirisha ambalo programu ya mteja huweza kuuliza ghalani kuna nini na kupeleka oda bila mtu kupiga simu. Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya siasa. Nilijifunza lugha ya Python nilipokuwa nikichambua takwimu za tasnifu yangu ya udaktari, na tangu hapo familia imeniamini katika mambo ya kompyuta kuliko ninavyostahili. Kazi ikaletwa kwangu.

Kuzungumza na dirisha la namna hiyo moja kwa moja kuna taratibu zake: kujitambulisha kwa ufunguo wa siri, kupanga ombi kwa umbo linalotakiwa, kusoma misimbo ya majibu. Msimbo 201 maana yake kitu kipya kimeundwa, 401 hujatambulika, 404 ulichoomba hakipo, 429 umeuliza mara nyingi mno. Ili kuwapunguzia wateja mzigo huo, msambazaji alitoa maktaba ya programu, yaani furushi la msimbo uliokwisha kuandikwa, ambalo hufanya kazi ya tarishi. Unamwambia "niletee orodha ya bidhaa" au "peleka oda hii"; yeye anaujua mlango, anabeba ufunguo wako, anarudi na jibu. Mistari sita ilitosha. Nilijiona fundi.

Dalili za kwanza kwamba tarishi huyu ana tabia zake nilizipuuza. Kwa wiki mbili programu yangu ilimwambia dada kwamba msambazaji hana mikebe ya hisabati. "Haiwezekani, mdogo wangu," alisema. "Nimeichukua kwake juzi juzi." Nilimjibu kwa upole wa msomi kwamba kompyuta imesoma orodha yote. Haikuwa imesoma yote. Seva ilikuwa inatoa bidhaa 50 kwa kila ukurasa, na maktaba ilileta ukurasa wa kwanza tu, isipokuwa uiagize iendelee. Mikebe ilikuwa ukurasa wa tatu.

Kosa la pili lilihusu neno "ipo". Mifumo mingi ya ghala haina idadi moja ya bidhaa; ina tatu. Kuna iliyopo ghalani, kuna iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya oda za wengine, na kuna inayobaki, ambayo ndiyo hasa unayoweza kununua. Kukiwa na rimu 120 za karatasi na 110 kati yake zimetengwa, mnunuzi wa leo ana rimu 10. Mimi nilikuwa namwonyesha dada ile 120. Yeye, ambaye hajawahi kusomea menejimenti ya ghala, aliniuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: "Hizo ni zote, au ni zile ambazo hazina mwenyewe?"

Likaja jambo la Januari. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na dada alihitaji katoni 40 za madaftari kwa mkopo wa siku 30. Nilikaa kaunta kwake, kompyuta ikitumia intaneti ya simu yangu, nikabonyeza. Mtandao ulisuasua. Baada ya nusu dakika na ushei jibu likaja: 201, pamoja na namba ya oda. Tukanywa chai. Siku ya tatu lori lilishusha katoni 80, kijana wa dukani akasaini hati ya kupokelea, na dada akajikuta na deni mara mbili ya alilokusudia, lililodhaminiwa kwa fedha za kikundi chake cha kuweka na kukopa.

Alipopiga simu, huduma kwa wateja ilimjibu kwa adabu: "Mama, mfumo unasema oda ni mbili, na zote zimethibitishwa." Alipokata simu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe uliagiza mara mbili?" Nikasema hapana. Nilikuwa na hakika. Nilibonyeza mara moja.

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya miezi kadhaa nyuma: nilifungua maktaba yenyewe na kusoma msimbo wake. Mteja anapotuma ombi na jibu lisirudi kwa muda uliowekwa, hawezi kujua ni lipi kati ya mawili limetokea. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, likatekelezwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa aliyesubiri, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Maktaba ile iliwekwa ijaribu tena ikikosa jibu ndani ya sekunde 30, hadi mara tatu, kimya kimya. Ombi letu la kwanza lilikuwa limefika na kutekelezwa. Tarishi, asiposikia jibu, alirudi dirishani na kuagiza upya.

Wanaofahamu itifaki ya HTTP wanajua kwamba hatari hii si ngeni. Ombi la GET huuliza tu; ukilirudia mara kumi hakuna kinachoharibika. Ombi la PUT huweka kitu katika hali fulani. Ukisema "idadi iwe 40" mara kumi, idadi inabaki 40. Lakini POST, linalotumika kwa kawaida kufungua oda mpya, likirudiwa laweza kufungua nyingine. Ndiyo maana urllib3, maktaba inayotumika sana katika Python, kwa chaguo lake la kawaida hairudii POST lililokwisha kutumwa na kukatikiwa njiani. Na ndiyo maana kampuni ya malipo ya Stripe humruhusu mteja kuambatanisha na ombi lake ufunguo wa kipekee: ombi likija tena na ufunguo uleule, seva hairudii kazi, hurudisha jibu la kwanza. API ya msambazaji wetu nayo ilikuwa na nafasi ya ufunguo kama huo. Nyaraka zake ziliutaja katika mstari mmoja, zikasema si lazima. Mimi nyaraka hizo sikuzisoma. Nilisoma mfano wa mistari sita, nikaunakili.

Hapo aibu yangu ilikuwa ya kikazi. Kila muhula nawaambia wanafunzi wasinukuu muhtasari wa kitabu ambacho hawajakifungua. Mimi nilikabidhi deni la dada yangu kwa tarishi ambaye sikuwahi kumhoji.

Mwaka 2000, Roy Fielding aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, akiueleza mtindo wa REST, ambao API nyingi za leo zinadai kuufuata. Moja ya masharti yake ni kwamba seva isitegemee kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Kila ombi lijitosheleze. Sharti hili lina faida kubwa kiufundi. Lakini lina maana pia kwamba dirishani hakuna anayekukumbuka. Anayetegemea kukumbukwa atapotea. Anayebeba namba atasalimika.

Tanzania tunalijua hili. Namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroli namba, huitambulisha bili moja na kuitenganisha na nyingine zote, na mwananchi anaweza kuitamka kwenye simu, benki au kwa wakala. Tatizo letu liko katika shughuli zisizo na namba: barua iliyopokelewa mapokezi bila mhuri, malalamiko yaliyosikilizwa kwa mdomo, fomu iliyojazwa mtandaoni na ukurasa ukaganda. Mwananchi asiye na namba hana la kufanya ila kurudia. Akirudia, anaonekana ameomba mara mbili. Asiporudia, anaonekana hakuomba.

Niliwaandikia wasambazaji barua nikiambatanisha muda wa oda zote mbili: sekunde 31 kati yake, bidhaa zilezile, idadi ileile. Baada ya simu nyingi nikapewa karani wa ghala. Kauli yake sijaisahau. "Niliziona, Daktari. Nikajiuliza, duka hili limekua lini namna hii? Lakini kwenye mfumo hakuna mahali pa kuuliza. Kuna kitufe cha kupakia tu."

Mtu alikuwepo, basi, aliyeona kosa kabla lori halijaondoka. Akili yake ilifanya kazi yake. Waliobuni mfumo ndio ambao hawakumwachia nafasi. Mtu aliamua kwamba maktaba irudie mara tatu. Mtu aliamua kwamba ufunguo usiwe lazima. Mtu aliamua kwamba karani asipewe pa kuweka shaka yake. Na mimi niliamua kutosoma. Watu wanne, kila mmoja na uamuzi mdogo, na dada yangu akaambiwa kwamba mwamuzi ni mfumo.

Nawaandikia hasa watumishi wa umma mnaosoma hapa. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, mifumo ya taasisi zetu inazidi kuunganishwa, moja ikiuliza nyingine kupitia madirisha kama haya. Ni jambo jema. Lakini kabla hamjapokea mfumo kutoka kwa mkandarasi, muulizeni maswali matatu. Mwananchi atapata namba lini, kabla ya kutuma au baada? Ombi likirudiwa, nini kitatokea? Na mtumishi akiona jambo lisiloingia akilini, atabonyeza wapi? Kwenu wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na wa siasa: maswali hayo ni ya fani zenu zote mbili.

Msambazaji alikubali kurudisha katoni 25. Gharama ya usafiri nililipa mimi. Katoni 15 zilizobaki dada aliziuza polepole hadi Aprili, na kikundi chake kilimwongezea muda wa marejesho, jambo lililomgharimu maneno ya watu ambayo mimi sikuyasikia.

Sasa oda zetu zina ufunguo. Nilipotaka programu iuzalishe yenyewe, dada alikataa. Kaunta buku lake lina kurasa zilizopigwa namba, na kila oda huiandika humo kwanza. Ananisomea namba ya ukurasa na ya mstari, nami naiingiza kama ufunguo kabla ya kubonyeza. Mtandao ukikatika, tunarudia kwa namba ileile.