Hakimu wa Rais ni Nani?

Wanafunzi wangu huuliza kura ngapi humwondoa rais. Mimi huwauliza nani hakimu. Marekani, mwaka 2021, maseneta 57 walimwona Trump ana hatia, 43 wakakataa. Zilihitajika 67, akapona. Kenya nayo iliiachia Seneti hukumu ya Naibu Rais Gachagua, Oktoba 2024.

Korea Kusini hufanya vingine. Bunge lilimshtaki Yoon kwa kura 204 kati ya 300, lakini waliomng'oa, Aprili 2025, ni majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba. Naipendelea njia hiyo, ingawa majaji nao huteuliwa.

Ibara ya 46A ya Katiba yetu Tanzania humpa Jaji Mkuu uenyekiti wa kamati ya uchunguzi, kisha huirudisha kura kwa wabunge, ambao wengi hupitishwa na chama anachokiongoza mshtakiwa mwenyewe.