Chale: Kisiwa cha Kaya, Pwani ya Wagema

Ukishavuka Likoni usiishie Diani kama wafanyavyo wengi. Endelea kusini kando ya bahari mpaka ukione kisiwa kidogo cha Chale, karibu kabisa na ufuko. Upande mmoja pana hoteli ya watalii. Upande wa pili ni msitu wa kaya, na humo hakuingiwi ovyo.

Lakini leo tubaki huku bara, chini ya minazi. Tazama mgema anavyokwea na kotama yake. Hukata ncha ya panda kipande chembamba, akatundika kibuyu, na jioni hurudi kukata tena. Maji yanayodondoka humo yakiwa mapya ni matamu wala hayalevyi.

Hayakai hivyo muda mrefu. Hamira ya asili hutoa kimeng'enya kinachoivunja sukari ya mnazi kuwa glukosi na fruktosi, kisha yenyewe na bakteria huzigeuza kileo na gesi. Gesi hiyo ndiyo povu unaloliona, na ndiyo iliyowafanya mama zetu wa pwani waumulie unga kwa tembo. Likilala siku kadhaa, bakteria wengine huligeuza siki. Kwa hiyo mgema hushindana na saa: akiacha mashapo ya jana kibuyuni, tembo huwahi kukolea, akikiosha sana, huchelewa.

Viwandani ni kazi ile ile, ila kwa vipimo. Bakteria aitwaye Bacillus subtilis hufugwa katika matangi, akalishwa wanga na protini, akapulizwa hewa, joto na uchachu vikalindwa usiku na mchana, mpaka atoe kwa wingi amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga kinachotumika katika mikate na sharubati.

Bakteria wa namna hiyo huanza kwa kuokotwa mahali fulani, na hapo ndipo penye ugomvi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika kwamba vijidudu vya maziwa yetu ya magadi vimewatajirisha wengine ng'ambo, katika vimeng'enya vya kufulia nguo. Mwaka 2007 likatia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark ili nchi nayo ipate fungu lake.

Tope la mikoko na udongo wa kaya navyo vimejaa bakteria. Atakayefika Chale na chupa yake ya kuchotea, aanzie kwa wazee.