Maji ya Karanga

Dumu la lita 20 likijaa maji huwa na kilo 20 na ushei. Kijana wa Kibosho aliujua uzito huo shingoni mwake alasiri moja ya Agosti 2001, siku ya nne ya safari yake ya kwanza mlimani. Alikuwa amefika kambi ya Barafu na mzigo wa hema, magoti yanamtetemeka, akidhani kazi ya siku imekwisha. Mpishi akamnyooshea dumu tupu. "Mdogo wangu, huku hakuna maji. Shuka Karanga, na giza lisikukute njiani."

Barafu ipo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mawe usio na kijito wala chemchemi. Kwa anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, maji ya mwisho ni ya bonde la Karanga, karibu mita 600 chini. Chai, supu, uji wa saa tano usiku, maji ya kunawa, vyote hupandishwa na shingo ya mtu. Kijana alirudi jua limeshazama nyuma ya Meru, vidole vimekufa ganzi kwenye mshikio wa dumu. Mpishi akayapasha moto na kuyagawa katika mabeseni madogo ya plastiki, beseni moja kwa kila mgeni. Mmoja wao, baba wa makamo, alichovya ncha za vidole, akajipangusa macho, akayamwaga yote yaliyobaki mawemawe. Kisha akamgeukia kijana, akatabasamu, akasema "asante sana" kwa Kiswahili kizuri.

Usiku ule, ndani ya hema la jikoni walimolala wapagazi 11 wamebanana kama dagaa, kijana hakupata usingizi kwa hasira. Ile "asante sana" ilimuuma kuliko maji. Angekuwa mtu wa kiburi angemweka kundi la wenye kiburi akalala zake. Lakini huyu alikuwa na adabu, tena adabu ya kweli, na bado hakuona kitu.

Mwandishi wa tawasifu hii ndiye kijana huyo. Anajisimulia kama anayemsimulia mtu mwingine, maana ndivyo alivyoishi mlimani miaka yake minane ya kwanza: alikuwapo kila mahali, na katika picha za wageni hayumo hata moja.

Alizaliwa katika kihamba chenye migomba juu na kahawa chini, maji ya mfereji wa mfongo yakipita nyuma ya nyumba. Baba yake aliuza kahawa kupitia chama cha ushirika, chini ya KNCU iliyoanzishwa 1933, na kwa kahawa hiyo aliwasomesha wawili wa kwanza. Kisha, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na mzee akaanza kung'oa mibuni mmojammoja ili apande nyanya. Yeye, mtoto wa tano, alimaliza kidato cha nne akakuta hakuna ada ya kuendelea. Wenzake wa kijijini walikuwa wameshaanza kwenda kusimama getini Machame alfajiri. Naye akafuata.

Kijiji kilikuwa na maoni yake kuhusu watalii muda mrefu kabla yeye hajabeba begi la mtu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973 na kufunguliwa rasmi 1977, hivyo watoto wa rika lake walikua wakiyaona magari ya wageni yakipanda barabara ya vumbi. Walikimbia nyuma yake wakidai pipi. Bibi yake hakupendezwa, ila si kwa sababu ya pipi. Aliwahurumia wageni. Kwake, kilele cha Kibo kilikuwa cha kutazamwa kutoka uani asubuhi mawingu yanapofunguka, na mtu mzima mwenye nyumba yake hawezi kwenda kulala kwenye baridi ile kwa hiari. "Wamemkosea nani?" aliuliza siku moja, na aliuliza kwa dhati kabisa.

Getini hakukuwa na huruma ya namna hiyo. Pale mgeni alikuwa siku sita za kazi. Vijana walisimama nje ya uzio, mvua inanyesha au hainyeshi, wakingoja kiongozi aite majina, kisha mzigo upimwe kwenye mizani. Sheria ya hifadhi inaruhusu kilo 20 za mzigo, mbali na vitu vya mpagazi mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza aliona mizigo ikipunguzwa mbele ya mizani na kuongezwa tena baada ya kona ya kwanza. Hakusema kitu. Nyuma ya uzio walikuwapo vijana 40 waliotamani kilo zile zile.

Wagumu, kama wanavyojiita wenyewe, walikuwa na elimu yao kuhusu wageni, na sehemu kubwa waliipata kwenye mabegi. Mpagazi huweka begi la mgeni ndani ya gunia la plastiki ili lisilowe, huweka ngata shingoni, na kwa siku sita hulijua kuliko mwenyewe. Kuna begi lenye kona ngumu: vitabu, na mwenyewe hatafungua hata kimoja. Kuna linalogongana kama duka la dawa. Hao wa dawa nyingi wana hofu, na mwenye hofu huwa mpole. Jioni jikoni waligawa mataifa ya dunia kama anayegawa karata: hawa wabahili, hawa wanalia, hawa hawasalimii, hawa wanataka kupanda mbio kisha wanatapika kambi ya Shira. Kijana aliyameza yote kama somo la darasani. Ilimchukua miaka kuona kwamba kila kundi lilikuwa na mtu wa kulikanusha, na kwamba wagumu walikuwa wanawafanyia wageni jambo lile lile walilolalamika kufanyiwa.

Alfajiri ya kila siku kazi ilienda hivi. Wageni wanakunywa chai, wagumu wanang'oa mahema. Wageni wanaanza kutembea pole pole, wagumu wanaosha sufuria, wanafunga mizigo, wanaondoka nyuma yao na kuwapita njiani. Mgeni akifika kambi ya mbele anakuta hema limesimama, godoro limetandikwa, bisi za moto mezani. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwona kijana akikimbia na meza mgongoni. Kazi nzuri ilikuwa ile isiyoonekana, na viongozi waliisifu kwa maneno hayo hayo.

Mahali pamoja tu palivunja utaratibu huo, nao ni ukuta wa Barranco. Hapo njia inapanda jabali kwa zaidi ya mita 200 na mgeni lazima atumie mikono. Wagumu wanapita na mizigo yao, mkono mmoja kwenye mwamba, mwingine kwenye gunia, na wageni wanajibana pembeni kuwapisha. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu wanatazamana uso kwa uso, umbali wa shubiri mbili. Kijana aliona nyuso zikibadilika pale. Mtu ambaye jana hakumtambua alikazia macho viatu vyake, viatu vya shule vilivyofungwa kwa waya, kisha akatazama vya kwake mwenyewe.

Viatu vile alivivua 2003, mwaka ulipoanzishwa Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi chake cha KPAP, ambao huazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Koti la kwanza lisilopitisha maji alilowahi kuvaa lilikuwa la mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, na lilikuwa kubwa kiasi cha kumfika magotini.

Kuna kazi moja ambayo wagumu waliizungumzia kwa sauti ya chini: kubeba choo. Makundi mengine hulipia choo chao, na mtu mmoja hukibeba kutoka kambi hadi kambi, hukisafisha na kukisimamisha. Msimu wa 2006 zamu ikamwangukia yeye. Aliona jambo ambalo halikumtoka tena. Wageni waliokuwa wakimchangamkia siku ya kwanza, walipojua kazi yake, waliacha kumtazama. Hawakumdharau, waliona haya. Ila kwa anayekwepwa macho, haya na dharau vina sura moja. Siku ya mwisho mama mmoja wa makamo alimfuata kando ya njia ya Mweka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamuuliza jina, akalirudia mpaka akalipatia. Hakumpa kitu kingine. Kijana alishuka na jina lake kama aliyepewa upya.

Bahasha ndiyo iliyoleta maneno zaidi. Safari nyingi humalizika kwa wimbo getini, mara nyingi ni "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ule wa Mombasa wa 1982, uliobadilishwa maneno ukawa wa Kilimanjaro. Wageni wanapiga makofi, wengine wanalia. Furaha ile si ya kuigiza, maana kila mtu ameshuka salama. Lakini katika kampuni moja aliyoifanyia kazi, bahasha ya bakshishi ilikabidhiwa kwa mtu mmoja, gari likaondoka na wageni, na wagumu wakagawiwa shilingi 5,000 kila mmoja kwa siku sita. Njiani kurudi Moshi waliwalaani wageni kwa ubahili. Miezi baadaye akajua kutoka kwa mpishi kwamba waliowalaani walikuwa wametoa zaidi ya mara kumi ya hizo.

Mwaka 2009, baada ya mafunzo na mtihani wa hifadhi, alipata leseni ya kuongoza. Sasa alitembea na wageni badala ya kuwapita. Usiku wa kilele, unaoanza saa sita na kuishia Uhuru, mita 5,895, huondoa kila pambo la mtu. Akawaona wakili na meneja wakiomba kama watoto waketi dakika moja tu. Akamfunga kamba za viatu mtu aliyesahau jinsi ya kuzifunga. Chuki ya beseni ilianza kulegea, lakini haikufutika.

Iliyomaliza kazi ilikuwa safari ya Januari 2012. Mgeni alikuwa Mjerumani, dereva wa basi la mjini, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa ameweka akiba miaka saba kwa ajili ya safari ile. Kiongozi aliyekuwa akiamini tangu utoto kwamba kila aliyekuja na ndege ni tajiri alikaa naye Barafu jioni, wakitazama upande wa Mawenzi, na dereva akasema hajui aweke wapi mikono yake mtu akimletea chai hemani. Maisha yake yote yeye ndiye amekuwa akihudumia. Abiria 300 kwa siku, alisema, na wanaosalimia anaweza kuwahesabu kwa vidole. Beseni likaja. Akatia mikono, akauliza kama anayeuliza saa: maji haya mnayatoa wapi?

Kiongozi akamwonyesha bonde. Akamweleza dumu, kilo, na mgumu aliyeyaleta, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akikausha soksi kwenye mvuke wa sufuria. Dereva akanyamaza muda mrefu. Alipozungumza, alikuwa amekasirika. "Nimekaa nanyi siku nne. Mbona hamkusema?"

Hakuwa na jibu la kumpa. Katika miaka zaidi ya kumi alikuwa ameelekezwa na kila kampuni asiwasumbue wageni na shida za wafanyakazi; wamelipa ili wapumzike. Naye alikuwa ameitii amri hiyo kisha akawahukumu kwa kutojua. Yule baba wa 2001 aliyemwaga maji na kusema asante, ni nani aliyewahi kumwambia kwamba Barafu hakuna maji? Alikuta beseni mlangoni, kama anavyokuta bomba nyumbani kwake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu kubwa ya kile wenyeji wanachokiita dharau ya watalii imetengenezwa na sisi wenyewe tuliofundishwa kuficha jasho na kuonyesha meno.

Hiyo haina maana kwamba hakuna wenye dharau. Wapo. Amewahi kumzuia mmoja asimpige picha mgumu aliyekuwa akitapika, na hakuomba radhi kwa kumzuia.

Mwaka 2020, korona ilipokuja, mlima ukanyamaza. Wageni walipokosekana, ndipo kijiji kilipotambua wageni walikuwa nini: muuza ndizi wa njia panda, mama lishe wa stendi, fundi wa zipu za mabegi, wote walikaa bila kazi. Yeye alirudi kihambani kupalilia mibuni iliyosalia ya baba yake. Jioni moja mzee alimuuliza kama anawakumbuka wageni. Akagundua kwamba anawakumbuka kwa majina.

Siku hizi, usiku wa kuamkia safari, wageni wanapokusanyika Moshi kupewa maelezo, yeye huanza na dumu. Hulijaza maji, huliweka katikati ya chumba, huwaomba walinyanyue. Wengine hucheka, wengine huweza hadi kiunoni. Kisha huwataja wagumu wote wa safari hiyo kwa majina, mmoja mmoja husimama, na huonyesha ni nani atakayeshuka Karanga. Mwaka wa kwanza baadhi ya wagumu walinung'unika kwamba anawaombea huruma. Mmoja akamwambia wazi: "Kaka, mimi sitaki nionewe huruma, nataka nilipwe." Akamjibu kwamba ni kweli, na kwamba kuanzia hapo bahasha ingefunguliwa mbele ya wote na kiasi kusomwa kwa sauti, wageni wakiwapo. Hilo halijabadilika hadi leo.

Septemba iliyopita, Barafu, saa kumi na mbili jioni, mabeseni yalipelekwa mahemani kama kawaida. Kutoka hema la tatu alitoka binti wa Kimarekani na kaka yake. Walikuwa wamenawa katika beseni moja. La pili walilibeba wote wawili, hatua kwa hatua juu ya mawe, wakalifikisha mlangoni mwa hema la jikoni likiwa bado limejaa. Mpishi akalipokea na kulimimina kwenye sufuria ya chai.