Kinoo cha Kariakoo

Idi kubwa ya mwaka jana kisu chetu kilikuwa butu, na mnyama akateseka mikononi mwetu. Aibu hiyo ndiyo iliyotupeleka Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka huu. Kando ya njia, baina ya masufuria na miko, tulikuta vinoo vya almasi vya bei rahisi: bamba la chuma lililogandishwa chembe za almasi ya viwandani, si ile ya machimbo ya Mwadui. Mnoa visu mmoja akatuusia: “Tieni maji, wala msikandamize, chembe zitang’oka.” Nyumbani kisu kikakata karatasi bila kukwama.

Ndugu wasomaji, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kunoa kisu na kumstarehesha mnyama. Basi noeni mapema, mbali na macho yake.