Kasi Iliyofanyiwa Mazoezi

Kabla ya kupiga panki, Bad Brains walipiga jazi. Walikuwa vijana wanne weusi wa Washington na viunga vyake vya upande wa Maryland, wakijiita Mind Power, wakijifunza kwa santuri za Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, muziki unaomtaka mpigaji akijue chombo chake barabara. Naanza na hilo kwa kuwa kila simulizi ya hadikoo, yaani panki ya kasi, ninayoisikia siku hizi huanza na hasira. Hasira ilikuwapo, niliiona. Lakini kilichonishika mimi, na kisichoniachia hadi leo kichwa kimejaa mvi, ni ustadi.

Nilifika Washington mwaka 1980, kijana wa sekondari, baba alipohamishiwa ubalozini. Tanga nilikokulia, muziki wa nyumbani ulikuwa taarabu: Black Star, Lucky Star, sauti ya Shakila isiyo na haraka ya kufika popote. Mwaka uleule Bad Brains walitoa santuri yao ya kwanza, yenye wimbo unaokaribia dakika moja na nusu tu. Mwanafunzi mwenzangu aliniwekea chumbani kwake. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Nikamwomba aurudishe, na aurudishe tena, hadi masikio yakaanza kutenganisha: gitaa la Dr. Know likikata palepale ngoma za Earl Hudson zinapokata, besi ya Darryl Jenifer ikipenya katikati yao, na juu yao sauti ya H.R., kaka yake Earl, ikimwaga maneno bila kumeza hata silabi moja. Hakuna aliyechelewa. Kwa kasi ile!

Nilipowaona kwa macho yangu, walikuwa tayari wamehamia New York, maana kumbi nyingi za Washington ziliacha kuwapokea, na hata wimbo wao mmoja unalitaja jambo hilo katika jina lake. Walirudi mjini kwao kama wageni. H.R. alipanda na koti, akasimama kimya, kisha pigo la kwanza likaanguka na ukumbi mzima ukawa mwili mmoja unaoruka. Mwisho wa wimbo aliruka sarakasi ya kinyumenyume, miguu ikatua sakafuni pamoja na pigo la mwisho la ngoma. Nimeona wanamuziki wengi tangu siku ile. Sijamwona mwingine aliyekuwa na mwili na wakati kwa pamoja namna ile. Halafu, vijana wakiwa wanahema na jasho linachuruzika ukutani, wale wanne wakapiga rege, polepole, nzito, kwa utulivu wa watu walio sebuleni kwao. Walikuwa wameshika Urasta tangu walipomwona Bob Marley jukwaani. Wako waliosema rege ile inavunja mwendo wa onyesho. Mimi nasema ndiyo iliyothibitisha kwamba kasi kwao ilikuwa uamuzi, kwa sababu aliyeweza kukimbia vile aliweza pia kusimama.

Mwaka 1982 ukatoka mkusanyiko wao wa kwanza, nao ulitolewa na kampuni ya ROIR kwa kaseti tu. Jalada lilichorwa radi ikilipiga kuba la Bunge la Marekani. Kaseti yangu ya awali ilikatika utepe zamani, nikanunua nyingine.

Watoto wa Kizungu wa mjini pale waliwasoma Bad Brains kwa makini, wakakimbilia vyumba vya chini vya nyumba za wazazi wao kufanya mazoezi. Ian MacKaye na Jeff Nelson walikuwa kwenye bendi ya Teen Idles, na bendi ilipokufa mwaka 1980, akiba yake yote ya maonyesho ikatumika kutengeneza santuri moja. Hivyo ndivyo lebo ya Dischord ilivyozaliwa. Hawakujua majalada hutengenezwaje, kwa hiyo walilifumua jalada la santuri kutoka Uingereza, wakachora mfano wake, kisha wakakata na kukunja na kugundisha kwa mikono yao, nakala elfu moja. Nimewahi kulishika mojawapo. Ukilikagua pembeni unaona mkato wa mkasi ulivyoyumba, na nakuambia sijapata kushika kitu cha kiwandani kilichonipa heshima kama ile kwa mtengenezaji wake.

Baadaye MacKaye na Nelson wakaunda bendi ya Minor Threat. Hapa lazima nieleze kwa nini mtoto wa Kiislamu kutoka Tanga alijisikia yuko kwao. Teen Idles walikuwa wamesafiri California, na kwenye ukumbi mmoja wa San Francisco, kwa kuwa walikuwa na umri mdogo, walichorwa X kubwa nyeusi migongoni mwa mikono, ili mwuza pombe asiwauzie. Waliporudi walilipeleka wazo hilo kwenye klabu ya 9:30: tuchoreni, mturuhusu kuingia, hatutakunywa. Klabu ile ilikuwa namba 930 mtaa wa F, ukumbi wa watu wasiofika 200, wenye nguzo iliyoziba nusu ya jukwaa, na uchochoro wa nyuma ndio ule alioutorokea muuaji wa Rais Lincoln mwaka 1865. Kwa hiyo X ilikuwa tiketi yetu. Muda si muda hata waliofikisha umri wakaanza kujichora. Shuleni niliulizwa kila siku kwa nini sinywi, nami nilichoka kueleza. Pale ndani nilikuta muziki mkali kuliko wote niliousikia, ukipigwa na watu wenye akili timamu usiku kucha.

Mama aliona mashati yangu yanavyorudi. “Mwanangu, huko mnacheza au mnapigana?”

“Tunacheza, mama. Ukianguka wanakuinua.”

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Kufikia 1984 waliokuja kwa ajili ya ngumi walikuwa wengi kuliko waliokuja kwa muziki, na wasichana wakaanza kutoweka mbele ya jukwaa. Wale wa mwanzo hawakukubali kunyang’anywa. Kiangazi cha 1985 wakaanza upya, na bendi kama Rites of Spring zikapiga muziki wa kasi ileile wenye machozi ndani yake.

Kiangazi hichohicho walikwenda mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini, barabara ya Massachusetts. Tangu Novemba 1984 watu walikuwa wakikamatwa pale karibu kila siku kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Vijana wa panki hawakuwa wasemaji, kwa hiyo walileta walichokijua: ngoma, ndoo, madebe, vipande vya vyuma. Wakapiga saa nzima, na zaidi, jua likiwachoma, bila kupoteza pigo. Niliposhika debe langu nilielewa mazoezi yale yote ya vyumba vya chini yalikuwa na kazi gani. Wafanyakazi wa ubalozi walichungulia madirishani, nasi tukaendelea.

Baba, kwa kazi yake, hakuweza kusimama pale. Alikuwa amewahi kufanya kazi Morogoro, akawafahamu wakimbizi wa ANC kutoka Afrika Kusini waliokuwa Mazimbu. Jioni aliniona mikono imevimba, akataka nimweleze kila kitu. Nilieleza.

“Hao Wazungu wadogo wanaijua Mazimbu?”

“Hawaijui, baba.”

“Na wamekuja?”

“Wamekuja, na wanapanga kurudi.”

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria kuukuu la alumini, akanikabidhi. “Hili lina sauti kubwa kuliko debe,” akasema.